Tepi Yangu Alienda Nayo

Sitakuapia. Wanaoapa sana ndio waongo wakubwa, na mimi nimeona wengi wakiapa huku wanaiba. Nitakueleza tu yaliyonipata Kawangware, mchana, nikiwa na akili zangu timamu na kikombe cha chai mkononi. Ukitaka kucheka, cheka. Wengine walicheka pia, mpaka nilipowaonyesha vidole vyangu.

Mimi ni fundi wa cherehani. Naishi Kianda, huku Kibera, na wakati ule nilikuwa nafanya kazi Kawangware, pale kituo wanachokiita 56, kwenye karakana iliyoko nyuma ya duka la mabati na misumari. Bosi wetu tulimwita Injinia. Hakuwa injinia wa kitu chochote, jina hilo alijipa mwenyewe likamkaa. Alikuwa mcheshi, mpenda manukato, na hodari wa kukuambia "tuko pamoja" siku ile anakukata mguu.

Kwa muda mrefu tulishona mifuko ya shule. Halafu akaja na habari ya tenda. Mtu mmoja mwenye gari kubwa na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope, tuliyemwita Mtu wa Tenda kwa sababu hakutuambia jina, alitaka jaketi za kuokolea watu majini. Zilikuwa za kupelekwa visiwani, kule Ziwa Victoria. Redio zilikuwa zinasema kila siku kwamba msimu ule kungekuja kimbunga ambacho hata wazee wa ziwa hawajawahi kukiona.

Sasa visiwa vile ni vidogo, jamani. Kuna vingine ni jiwe tu limefunikwa mabati. Upepo mkali ukija hakuna pa kukimbilia wala barabara ya kutokea. Kuna mashua na kuna Mungu, na mashua yenyewe inategemea imepigiliwa na nani.

Navijua kwa sababu dadangu Nafula ameolewa huko. Mumewe ni mvuvi wa omena, na nyumba yao iko karibu na maji kiasi kwamba watoto wanaogea mlangoni. Kwa hivyo zile jaketi nilizishona kwa moyo wangu wote. Mimi nikishona mkanda wa begani huwa narudi nyuma, nafunga uzi, halafu napitisha msalaba juu yake. Nilizoea hivyo kwa mifuko ya shule, maana mtoto wa Kibera akivaa mfuko anabeba vitabu, maji, na siku nyingine mdogo wake. Mkanda wangu haukatiki. Kila fundi ana alama yake, na yangu ilikuwa ule msalaba. Nilijivunia, sikatai.

Sisi mafundi tulishona ganda tu, yaani kitambaa cha nje na mikanda yake. Kujaza ndani ilikuwa kazi ya Injinia mwenyewe, kwenye stoo ya nyuma aliyokuwa akiifunga kwa kufuli. Siku ya kwanza alituonyesha kipande cha povu gumu, lile jepesi lisiloingia maji. Akalizamisha kwenye karai, likaibuka. "Hii ndio tunaweka ndani," akasema. Tukaamini. Wewe ungekuwa pale usingeamini?

Mzigo wa kwanza ukaenda kisiwa kimoja ambacho si cha dadangu. Wakati huo kimbunga chenyewe kilikuwa bado, ni upepo wake wa kutangulia tu ulioanza kuvuma. Watu wakapakiwa mashuani wavushwe nchi kavu mapema, karibu kila mmoja na jaketi yake mpya ya rangi ya machungwa. Mashua ikapinduka wakiwa wanaiona pwani kabisa. Walionusurika, redio ilisema, ni wale wachache ambao jaketi hazikuwafikia, wakashikilia mitungi mitupu ya mafuta.

Nilisikia hiyo habari nikiwa natia uzi kwenye sindano. Nikauacha. Nikainuka nikamfuata Injinia.

"Injinia, hawa watu walikuwa wamevaa jaketi zetu. Mbona wamezama?"

"Mathe, wacha story mob," alinijibu bila kuinua macho kutoka kwa simu yake. "Hao watu wa samaki hata klipu hawajui kufunga. Boat ikijazwa watu kama kuku, jaketi itado nini? Wewe shona. Hii load ingine inatoka kesho."

Na huo mzigo mwingine ulikuwa unaenda wapi? Kisiwani kwa Nafula. Alikuwa amenipigia simu asubuhi ile ile, amefurahi. Chifu alikuwa amewaambia wasivuke kwanza, wangoje jaketi zifike, kila nyumba ipate, ndipo mashua ziwachukue wote kabla kimbunga hakijafika.

"Nimeambia watoto ni wewe umezishona," alisema. "Wanaringia nazo wenzao hapa kijiji kizima, na hata hazijafika."

Basi mvua ikaja siku hiyo, saa ya chakula cha mchana. Wenzangu walikuwa wametoka kwenda kula, ikawafungia huko huko kibandani. Stima zikapotea. Mawingu yalikuwa mazito hata ukadhani jua limeshatua, na mabati yalipiga kelele mpaka husikii unachofikiri. Tulibaki wawili kwenye karakana, mimi kwenye cherehani yangu ya miguu na Injinia kwenye stoo, amejilaza na kuegesha mlango. Mvua ikipungua kidogo nilisikia akikoroma.

Nilipoinua kichwa nikaona msichana amesimama mlangoni. Wa umri wa binti yangu mkubwa. Amevaa gauni la maua, na juu ya gauni jaketi yetu, imefungwa klipu zote. Alikuwa amelowa chepechepe, lakini nani hakulowa siku ile?

"Ingia, mrembo," nikamwambia. "Usisimame kwa mvua."

"Asante, mama. Mimi nishalowa, mvua hainisumbui tena."

Aliongea Kiswahili cha watu wa ziwani, polepole, akivuta maneno. Akaingia. Harufu ya omena na matope ikaingia naye. Niliangalia miguu yake, maana alikuwa peku, nikaona vidole vimekunjamana na kuwa vyeupe, kama vya mtu aliyefua nguo kutwa nzima bila kupumzika. Na yale maji yaliyokuwa yanamdondoka hayakupungua. Mtu akitoka mvuani hudondoka, halafu huacha. Yeye hakuacha.

"Nikusaidie na nini?"

"Nataka unifumulie hii jaketi. Nimejaribu kuvua imekataa."

Nikamsogelea. Begani nikauona msalaba wangu. Nikajaribu klipu ya juu, haikufunguka. Nikashika pindo niinue kidogo nione mshono wa ubavuni, na mkono mmoja haukutosha. Niamini, nimebeba magunia ya vitambaa maisha yangu yote, lakini sijawahi kushika nguo nzito namna ile. Nikachukua wembe wangu wa kufumulia, nikakata uzi wa ubavuni.

Maji yakatoka. Sisemi yalichuruzika. Yalimwagika kama mtu amefungulia mfereji. Nikavuta karai, likajaa. Nikaleta ndoo, ikajaa. Yakaenda chini ya cherehani, yakapita kwenye maboksi ya klipu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya magugu na omena wadogo, hai, wakirukaruka kwenye sakafu ya saruji ya Kawangware. Na Injinia anakoroma tu.

Nikatia mkono kwenye ule mpasuko nione kuna nini. Nikatoa sponji ya godoro. Unaijua ile ya vipande vya kila rangi vilivyogandishwa pamoja? Hiyo. Na kipande kimoja kilikuwa bado kimeng'ang'ania kitambaa cha godoro, chenye maua ya buluu na doa la mkojo wa mtoto.

"Hii si ile," nikasema. Nikakaa kwenye kiti changu.

"Ndio hiyo, mama. Inakunywa maji. Inakunywa mpaka inashiba, halafu inakuvuta."

"Si ungevua!" Lilinitoka kabla sijafikiri.

Aliweka kidole chake juu ya ule msalaba wangu, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

"Nilivuta," akasema. "Kwa mikono, kwa meno. Haikukatika. Umeshona vizuri, fundi."

Wewe umewahi kusifiwa kazi yako ukatamani ukatwe mikono? Mimi nilisifiwa hivyo. Na hapo ndipo nilipojua ninazungumza na nani. Utaniuliza kama niliogopa. Hofu ilinijia baadaye, nyumbani. Pale nilikuwa na hasira tu. Injinia alikuwa amechukua mkono wangu mzuri, mkono ninaoutegemea mbele ya Mungu na watu, akautumia kufungia watu ndani ya mawe.

"Kwenu wanajua?" nilimuuliza.

"Mama yangu amezika yago."

Nilielewa. Kwa Wajaluo, mtu akipotelea majini na mwili usipatikane, watu wake huchukua tunda la mti uitwao yago, refu na zito, wakalizika badala yake kwa heshima zote, wakalia, wakapika, ili aliyepotea apate kutulia. Nimewahi kuona mazishi kama hayo nikimtembelea Nafula. Jeneza lilikuwa dogo, na kilio kilikuwa kile kile.

"Basi si utulie, mwanangu?"

"Tunda limetulia," akasema. "Tunda halina hasira. Mimi ninayo. Ni nani alijaza?"

Ningeweza kudanganya. Yule alikuwa bosi wangu, na kazi Nairobi haiokotwi. Lakini niliwaona watoto wa Nafula wakipigana nani avae ya kwanza. Nikanyoosha kidole kwenye mlango wa stoo. Na leo ukinirudisha pale nitanyoosha tena.

Alinyoosha mkono akaniondolea tepi ya kupimia shingoni. Vidole vyake vilikuwa baridi mpaka meno yakaniuma. Akausukuma mlango wa stoo, akaingia. Mkoromo ukakatika. Nikashika pumzi. Kisha mkoromo ukaendelea. Alitoka amebana tepi kwa vidole viwili, mahali pamoja, kama tunavyofanya sisi mafundi tusipotaka kusahau kipimo.

"Nishonee moja ya hapa," akasema. "Ujaze na hii yangu. Na begani weka ule msalaba wako."

Nilikanyaga cherehani. Nilishona kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kushona, kitambaa kimenyooka, mshono umekaa sawa. Ile sponji yake niliikamua na kuikamua, na kila nilipoikamua ilikuwa imejaa tena. Lakini nilipoiingiza ndani ya ganda jipya, nje kulibaki kukavu kabisa, kukavu na kwepesi. Hilo nalo sijalielewa mpaka leo. Nikaweka msalaba bega la kulia, nikaweka la kushoto, nikakata uzi kwa meno.

Nilipoinua kichwa hakuwepo. Sakafu ilikuwa imekauka. Ndoo tupu, karai tupu. Chini ya cherehani palibaki omena mmoja, amekufa. Tepi yangu haikuwepo. Wenzangu wakaingia mbio wakikung'uta maji, na Mutheu, rafiki yangu wa Machakos ambaye kiti chake kilikuwa karibu na changu, akakunja pua.

"Kwani leo umekula nini? Unanuka samaki mpaka huku."

Nilitoka nje, nikasimama chini ya paa la saluni, nikampigia Nafula.

"Nisikilize vizuri. Hizo jaketi zikifika usivae. Watoto wasivae, mtu yeyote asivae. Chukueni mitungi ya mafuta, mitupu, mkaze vifuniko kabisa. Kila mtoto mmoja kifuani, mmoja mgongoni, mfunge na kamba ya wavu. Ambia majirani wote."

"Lakini si ni wewe umezishona?"

"Ni mimi. Ndio maana nakuambia."

Halafu akasema sawa, kwa ile sauti ya mtu ambaye ataenda kumuuliza mumewe. Nilijua chifu akisema "vaeni" watu watavaa. Nani amsikilize fundi wa Kawangware?

Kesho yake jua liliwaka kana kwamba hakujawahi kunyesha. Lori likaja, Mtu wa Tenda akaja nyuma yake kwenye gari lake kubwa. Jaketi zikapakiwa. Injinia alikuwa na kawaida yake, kila mzigo ukitoka lazima avae jaketi moja apigwe picha, kidole gumba juu, ya kumwonyesha Mtu wa Tenda na wakubwa wake. Alinyoosha mkono kwenye rundo lililobaki, akachukua ya juu kabisa. Ya juu kabisa nilikuwa nimeiweka mimi.

"Eh, hii imenikaa fiti!" akasema, akijigeuza mbele yetu. "Utadhani nilipimwa."

Akafunga klipu. Mtu wa Tenda akainua simu, akapiga picha. Injinia akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akakohoa tena, na kilichomtoka mdomoni kilikuwa maji. Akayaangalia kwenye kiganja chake, hakuelewa. Kitambaa kikaanza kuwa cheusi, kuanzia kifuani kushuka chini, na maji yakaanza kumtiririka miguuni, mtu amesimama juani Kawangware, kwenye saruji kavu.

"Nitoeni hii kitu!"

Alivuta klipu. Magoti yakamkunjika. Vijana wa lori wakashika mikanda wakavuta pande zote, na wewe unajua tayari kama mikanda ile inakatika. Watu wakajaa. Wa duka la mabati, waendesha boda, mama mmoja kutoka saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Injinia alikuwa chini, akipiga mikono kama mtu anayeogelea, macho yamemtoka.

"Fundi, kata!" Mutheu alinipigia kelele. "Si wewe ndio uko na wembe? Yesu wangu, kata!"

Ni kweli, wembe nilikuwa nao. Nikapiga magoti kando yake.

"Injinia. Umejaza nini?"

"Kata... mathe, plis..."

"Nitakata. Sema kwanza umejaza nini, watu wasikie."

Alimwangalia Mtu wa Tenda. Mtu wa Tenda alikuwa anarudi nyumanyuma, taratibu, anatafuta funguo mfukoni.

"Sponji," Injinia akasema.

"Sponji ya nini?"

"Ya godoro. Magodoro ya zamani." Akatapika maji, maji ya kijani. "Si mimi peke yangu. Ni yeye aliniambia watu wa huko hawawezi jua difrensi."

Watu wakageuka. Gari lilikuwa limeshawashwa, likaondoka likiacha matope kwenye ukuta wa saluni.

Sasa hapa nitakuambia ukweli wote, maana nilisema sitaapa. Sikuharakisha. Wembe ungeweza kukata ule mkanda mara moja, zaa, imekwisha. Lakini mimi nilitafuta mwanzo wa uzi, kama fundi anayeheshimu kazi yake. Ule msalaba huchukua muda kufumua. Nilitoa uzi mmoja, nikatoa mwingine. Mutheu alikuwa ananipiga mgongoni na kulia. Midomo ya Injinia ilikuwa imegeuka rangi. Nilitaka ajue kuvuta na kuvuta kitu kisichokatika. Siku moja Mungu ataniuliza, na jibu langu ninalo.

Jaketi ilipoachia, alivuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia. Na watu wa 56 unawajua, hawakungoja polisi. Walipanda lori lile, wakashusha jaketi zote, wakazichana moja baada ya nyingine, na sponji za kila rangi zikajaa barabarani mpaka magari yakashindwa kupita. Hakuna hata moja iliyofika ziwani.

Kimbunga kilikuja kabla wiki haijaisha. Simu ya Nafula ikazima. Nilikaa na redio masikioni, nikisikia mabati yameruka, nyumba zimebebwa, mashua zimetupwa juu ya miamba. Sikula. Mwishoni simu ikaita kwa namba nisiyoijua.

"Tuko," Nafula akasema. Hilo tu. Tuko.

Jaketi hazikufika, na kwa kuzikosa watu walikubali mitungi. Maji yalipopanda yakaingia nyumbani mwao, mume, mke na watoto walielea usiku kucha, wamefungana kwa kamba ya wavu. Hawakupona watu wote wa kisiwa. Bibi mmoja alikataa kutoka kwake, na mvuvi mmoja alirudi kufuata injini yake. Lakini wa mitungi walihesabiwa asubuhi, na wote walikuwepo. Nafula akaniambia jambo moja zaidi. Akaniuliza kama namjua msichana aitwaye Akoth, wa kisiwa cha jirani, aliyepotea na ile mashua ya kwanza. Mama yake alikuwa ameota bintiye amekuja nyumbani akakaa jikoni, hana jaketi. Nikamwambia namjua kidogo.

Injinia hakufa. Wengine wanasema afadhali angekufa. Hospitalini walimtoa maji mapafuni wakamuuliza alizamia wapi, akashindwa kusema. Polisi walikuja na kwenda. Yuko huko huko Kawangware, lakini halali kitandani tena. Godoro lolote analolilalia, jipya, la kuazima, la wageni, hulowa. Asubuhi linachuruzika, na jirani wa chini ameshalalamika kwa keateka, mwangalizi wa nyumba, kwamba dari linavuja. Mkewe alihamia chumba cha watoto. Yeye hulala ameketi kwenye kiti cha plastiki, na akisinzia sana hukurupuka akivuta kitu kifuani. Sijamhurumia. Nasubiri huruma ije, haijaja.

Mimi siku hizi nashonea nyumbani, Kianda. Ule msalaba siushoni tena. Vidole vyangu ndivyo hivi, vimekunjamana na kuwa vyeupe tangu siku ile. Nimevipaka mafuta, nimevianika juani, nimeombewa kanisani, wapi! Kila nguo ninayoishona lazima niianike kabla ya kumpa mwenyewe.

Na ile tepi hajarudisha. Nilijiuliza kwa muda mrefu anaipeleka wapi. Juzi nimejua.

Alikuja Mtu wa Tenda mwenyewe, hapa mlangoni kwangu. Sikumtambua mara moja. Amekonda, na vile viatu vyake vilikuwa vimejaa tope la Kibera mpaka kwenye kamba. Hakusalimia.

"Wewe ndio fundi?"

"Ni mimi."

"Kuna msichana," akasema. "Nikiwa kwa ngazi, nikiwa kwa bafu, hata nikiwa mkutanoni na watu. Anakuja nyuma yangu, ananizungushia tepi hapa kwa kifua. Ni baridi. Hasemi kitu, anapima tu anaenda. Kila siku. Anataka nini, mama? Niambie, mimi nitatoa chochote."

"Anatafuta fundi," nikamjibu.

Akaangalia cherehani yangu, akaangalia vidole vyangu. Nikaona ameelewa.

"Akikuletea kipimo changu," akasema polepole, "utashona?"

Nilimwambia cherehani yangu nimeitia mafuta asubuhi hiyo hiyo, halafu nikafunga mlango.

Kwa hivyo wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako ziwani au kisiwani na amepewa jaketi ya bure, mwambie ailoweke kwanza kwenye karai mpaka asubuhi kabla ya kumvalisha mtoto. Na kama wewe ni wa upande ule mwingine, wa kutafuta cha kujaza ndani ili watu wa mbali wasijue tofauti, basi siku utakayohisi kitu baridi kinakuzunguka kifuani, usigeuke kuniuliza mimi ni nani huyo. Unajua ulijaza nini.